Neno "Vuli" Katika Maelezo ya Utunzaji wa Bustani

1. Utangulizi

Maandishi ya ukulima wa bustani ni miongoni mwa maandishi yanayodhaniwa kuwa mepesi kutafsiriwa. Hayana falsafa wala vifungu vya sheria, na vitu vinavyotajwa humo, kama vile jembe, mbegu, majani na maji, vina majina yake tangu zamani. Hata hivyo, mna neno moja dogo linaloweza kuharibu tafsiri nzima ingawa kila sentensi yake ni sahihi. Neno hilo ni vuli.

Tuseme kwamba mfasiri ameletewa kijikaratasi kilichoandikwa Uingereza, naye akakipa kichwa hiki: "Kazi za Bustani Mwishoni mwa Vuli". Ndani yake mna maagizo sita. Punguza kumwagilia maji. Acha kutia mbolea. Kata nyasi kwa mara ya mwisho. Ondoa majani yaliyopukutika. Pogoa miti iliyopumzika. Ingiza mimea ya vyungu ndani ya nyumba kabla ya baridi kali. Kijikaratasi hicho kikafika kwa mwalimu wa shule ya msingi huko Nyegezi, mjini Mwanza, ambaye ana bustani ya shule na paketi chache za mbegu. Mwezi ni Novemba, mvua zinanyesha, na udongo umelainika. Mwalimu akifuata maandishi hayo, atakaa bila kupanda katika wiki zile zile zinazofaa kupandia. Mvua zikishapungua, hakuna tafsiri itakayozirudisha.

Makala haya yana shabaha ya kueleza kosa hilo linatokea wapi, na kupendekeza njia ya kuliepuka. Mifano yake imetolewa Mwanza na ukingo wa Ziwa Victoria, kwa sababu huko tofauti kati ya vuli ya mvua na vuli ya vitabu huonekana waziwazi.

2. Vuli ni mvua

Katika Kiswahili, vuli ni jina la mvua kabla ya kuwa jina la majira. Ni mvua za mwisho wa mwaka, zinazonyesha kwa kawaida kati ya Oktoba na Desemba, katika sehemu zile za Afrika Mashariki zipatazo misimu miwili ya mvua. Mwenzake ni masika, yaani mvua za Machi hadi Mei. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutumia majina hayo hayo katika utabiri wake wa msimu. Inapotangaza mwelekeo wa mvua za vuli, huzitaja sehemu zinazohusika, zikiwamo ukanda wa Ziwa Victoria, pwani ya kaskazini na nyanda za juu kaskazini mashariki. Kwa hiyo vuli si neno la mazungumzo tu. Ni istilahi inayotumika katika maandishi ya serikali, na maana yake imekwisha kukubaliwa.

Mwanza iko takriban digrii mbili na nusu kusini ya ikweta, katika mwinuko wa zaidi ya meta 1,130 juu ya usawa wa bahari. Jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa Septemba na katikati ya Machi, na misimu ya mvua hufuata nyuma yake. Mji hupata milimita 1,000 hivi za mvua kwa mwaka. Juni hadi Agosti ni miezi ya ukavu. Januari na Februari mvua hupungua, lakini katika miaka mingi hazikatiki kabisa.

Tofauti ya joto kati ya mwezi na mwezi ni ndogo, na tofauti ya urefu wa mchana ni ndogo zaidi. Mchana mrefu kuliko yote huko Mwanza hauupiti ule mfupi kuliko yote kwa dakika 20. Mjini London tofauti hiyo huzidi saa nane. Yafaa mfasiri ayakumbuke mambo haya mawili, joto na mwanga, kwa maana karibu kila agizo la kijikaratasi chetu limejengwa juu yake.

3. Chanzo cha kosa

Nchi zilizo mbali na ikweta zina majira manne, nazo hutofautishwa kwa joto na mwanga wala si kwa mvua. Moja ya majira hayo liko baina ya majira ya joto na majira ya baridi. Siku hufupika, ubaridi huongezeka, na miti mingi hupukutisha majani yake. Walimu na wafasiri walipohitaji jina la Kiswahili la majira hayo, wengi walichukua neno vuli, labda kwa sababu miezi yake katika Ulaya, Septemba hadi Novemba, inakaribiana na miezi ya vuli yetu. Hivyo neno likafungwa kwenye kalenda, likaachana na jambo lenyewe.

Ulinganifu huo wa kalenda nao hauaminiki. Katika nusu ya kusi ya dunia majira hayo huangukia Machi hadi Mei. Kijikaratasi kilichoandikwa Cape Town kikitafsiriwa kwa neno vuli, mwandishi atakuwa amekusudia Aprili, ambao ni mwezi wa masika huko Mwanza, na msomaji ataelewa Novemba.

Wengine, kwa kutambua hatari hiyo, wameandika "majira ya kupukutika majani". Maneno haya yanaeleza vizuri hali ya Ulaya, lakini yana mtego wake. Katika nchi yetu ipo miti mingi inayopukutisha majani, mbuyu ukiwa mmojawapo, nayo hufanya hivyo wakati wa kiangazi kwa sababu ya ukavu. Kwa hiyo mkulima wa Mwanza aambiwapo "majani yanapopukutika", aweza kufikiri Julai au Agosti, na hatakuwa na kosa lolote.

Ni dhahiri basi kwamba tafsiri zote mbili zaweza kumpotosha msomaji, kila moja kwa njia yake. Dawa haipatikani kwa kubadili neno moja tu. Hatuna budi kuchungua kila kazi inayoagizwa na kuuliza sababu yake.

4. Kazi za bustani na sababu zake

(a) Nyasi za uwanja

Katika nchi za baridi, mwenye nyumba hukata nyasi kwa mara ya mwisho kabla ya baridi kwa sababu nyasi zinakaribia kuacha kukua. Mwanza, Novemba ni mwezi wa nyasi kukua kwa nguvu. Ukoka uliokuwa wa rangi ya majivu mwezi wa Agosti hugeuka kijani kwa siku chache baada ya mvua za kwanza, na fyekeo halipati mapumziko. Huo ndio wakati wa kupanda vipande vya ukoka mahali palipo wazi, na wa kuitoboatoboa ardhi iliyoshindiliwa na miguu ili maji na hewa vipenye.

Kazi inayolingana na "kukata kwa mara ya mwisho" ipo, lakini hufanywa mvua zinapokwisha, na huelekea upande mwingine. Mvua zikielekea kukatika, nyasi ziachwe ndefu kidogo kuliko kawaida, ili majani yake yaukinge udongo na jua.

(b) Kupogoa

Miti ya nchi za baridi hupogolewa ikiwa imepumzika. Pumziko hilo huletwa na baridi. Kwetu huletwa na ukavu. Kwa hiyo miti na vichaka vingi vya bustani hupogolewa mwishoni mwa kiangazi, yaani Agosti au Septemba, ili machipukizi yake yakutane na mvua. Mfasiri akiandika "pogoa vuli", atakuwa ameichelewesha kazi hiyo hadi wakati ambapo mti umekwisha kutumia nguvu zake kutoa matawi mapya, ambayo sasa yatakatwa na kutupwa.

(c) Majani makavu, mboji na matandazo

Agizo la kuokota majani linatokana na wingi wa majani yanayoanguka kwa pamoja na kuzifunika nyasi zenye unyevu hata zikaoza. Mwanza majani huanguka wakati wa ukavu, na hayaozeshi kitu mahali yalipo. Bora yakusanywe wakati huo na kuwekwa katika shimo la mboji, yapate kuoza pamoja na samadi mvua zijapo.

Mwishoni mwa vuli majani makavu yana kazi nyingine, nayo ni kutandazwa. Bustani nyingi za Mwanza zimekaa kwenye miteremko, katikati ya majabali, ambako udongo ni wa kichanga na hauwezi kuhifadhi maji kwa muda mrefu. Wasukuma huuita udongo wa namna hiyo luseni, na huutofautisha na ule mweusi wa mfinyanzi wa mabondeni, ambao huuita mbuga. Bustani ya luseni isipotandazwa majani kabla mvua hazijapungua, hukauka upesi mno mwezi wa Januari.

Hapa pana funzo la lugha pia. Neno mbuga katika Kiswahili cha kawaida ni uwanda wazi au mahali pa wanyama, na kwa Msukuma ni aina ya udongo. Bwana shamba asemaye "pandeni mpunga mbugani" na mfasiri anayesoma maneno hayo jijini Dar es Salaam waweza kuwa na picha mbili tofauti kabisa.

(d) Mimea ya vyungu

Mimea ya vyungu huingizwa ndani katika Ulaya kwa kuhofia jalidi, yaani umande ulioganda kwa baridi. Ikishaingizwa hupunguziwa maji, kwa sababu mwanga ni mchache na mmea haukui. Mwanza hakuna jalidi, na mwanga haupungui kwa kiasi cha kuhesabika. Hatari ya Novemba kwa mmea wa chungu uliowekwa barazani ni maji kupita kiasi. Mvua hujaza chungu kisicho na tundu, na mizizi huoza. Agizo linalofaa ni hili: hakikisha tundu la chungu halikuziba, sogeza chungu mbali na michirizi ya paa, na ikiwa mmea umebanwa, uhamishie katika chungu kikubwa zaidi sasa, wakati unapokua.

Kuna mmea mmoja unaotuonyesha jinsi maelezo yanavyoweza kusafiri bila kubadilishwa. Katika misitu ya Usambara, mkoani Tanga, huota mmea mdogo wenye majani ya manyoya na maua ya zambarau. Walter von Saint Paul-Illaire, mtumishi wa utawala wa Kijerumani, aliupeleka kwao, na mwaka 1893 mtaalamu wa mimea Hermann Wendland aliueleza na kuupa jina la Saintpaulia. Tangu hapo umekuwa mmoja wa mimea ya vyungu inayojulikana sana Ulaya na Marekani. Vitabu vya huko hufundisha jinsi ya kuukinga na baridi ya dirishani wakati siku zinapofupika. Mtanzania akitafsiri maneno hayo neno kwa neno, atakuwa anawafundisha wenyeji wa nchi ya mmea huo kuukinga na baridi isiyokuwapo. Wanachohitaji kujua ni kwamba asili yake ni miamba yenye kivuli na unyevu, basi usianikwe juani.

(e) Mimea ya majini

Vitabu vya bustani vya nchi za baridi huagiza pia kwamba vidimbwi visafishwe kabla ya majira ya baridi, na mimea ya majini inayotoka nchi za joto, isipoingizwa ndani, huachwa ife kwa jalidi. Kwa mwenyeji wa ukingo wa Ziwa Victoria, jambo hili si dogo. Gugumaji, ambalo asili yake ni Amerika ya Kusini, lilienezwa duniani kama pambo la vidimbwi kwa ajili ya maua yake. Lilionekana katika Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na katika miaka ya 1990 lilifunika ghuba na bandari, likazuia mitumbwi ya wavuvi. Wadudu wa jamii ya fukusi waliletwa ili walile na kulipunguza. Mahali penye jalidi, baridi humsaidia mtunza bustani mzembe. Ziwani hakuna baridi ya kumsaidia, na mmea uliotupwa ukingoni huendelea kuishi.

Wananchi walipoliita gugumaji, walitoa jina lililo na onyo ndani yake. Mfasiri wa kitabu cha mapambo ya bustani asithubutu kulificha onyo hilo kwa kuliita yungiyungi. Yungiyungi ni mmea mwingine, na haujapata kufunga bandari.

5. Kanuni tatu kwa mfasiri

Kutokana na mifano hiyo, twaweza kuweka kanuni tatu.

Kwanza, neno vuli litumike kwa mvua za mwisho wa mwaka peke yake, kama linavyotumika katika utabiri wa hali ya hewa. Neno moja lisipewe maana mbili katika nyaraka zinazomfikia mwananchi yule yule.

Pili, maandishi yanapoeleza hali ya nchi za mbali, kama katika somo la jiografia au katika hadithi, majira yale yapewe jina lake, na jina hilo lifafanuliwe mara ya kwanza linapotajwa. Tunapendekeza "majira ya mpukutiko". Mwalimu aongeze miezi yake na nusu ya dunia inayohusika.

Tatu, maandishi yanapotoa agizo la kufanya kazi, wakati wa kazi usitajwe kwa jina la majira wala kwa mwezi peke yake. Utajwe kwa dalili ambayo msomaji anaiona kwa macho: mvua za kwanza zinapoanza, udongo unapolowa kina cha jembe, mvua zinapopungua, mti unapoanza kuchipua. Sababu yake ni kwamba kalenda haiwi moja hata katika ziwa moja. Bukoba, upande wa magharibi wa ziwa, hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, maradufu ya Mwanza. Agizo la "mwagilia maji mwezi wa Januari" laweza kufaa mahali pamoja na kuwa kazi bure mahali pengine. Agizo la "mwagilia udongo unapokauka kina cha kidole" hufaa pote.

Huenda mfasiri akauliza kama ana idhini ya kubadili maandishi ya mwenyewe kiasi hicho. Jibu letu ni kwamba maandishi ya namna hii yana lengo moja, nalo ni mmea kustawi. Asipokuwa na ruhusa ya kubadili, aweke tanbihi, au amrudishie aliyempa kazi na kumweleza kwamba kijikaratasi hicho hakifai kutumiwa mahali kilipokusudiwa. Watumishi wa serikali wanaoagiza tafsiri nao wajue kwamba mfasiri anayeuliza maswali hayo hachelewi kazi, anaifanya.

6. Istilahi zinazopendekezwa

Baadhi ya istilahi zifuatazo zimekwisha kuzoeleka, nasi tunazifafanua tu. Nyingine ni mapendekezo.

Vuli: mvua za kati ya Oktoba na Desemba, msimu wa mvua hizo.

Majira ya mpukutiko: majira ya nchi zilizo mbali na ikweta, yaliyo baina ya majira ya joto na majira ya baridi.

Jalidi: umande ulioganda kwa baridi juu ya majani au ardhi.

Pumziko la mmea: hali ya mmea kuacha kukua kwa muda, ama kwa baridi ama kwa ukavu.

Kupogoa: kukata matawi ya mti au kichaka ili kukipa umbo, afya au mazao bora.

Matandazo: majani au nyasi kavu zinazotandazwa juu ya udongo ili kuhifadhi unyevu na kuzuia magugu.

Mboji: mbolea itokanayo na majani na takataka za mimea zilizooza.

Kuatika: kuotesha miche kitaluni kabla ya kuipandikiza.

Luseni: udongo wa kichanga wa miteremko, usiohifadhi maji kwa muda mrefu. Neno hili limetoka katika Kisukuma, nasi tunalipendekeza kwa kufuata desturi ya kutafuta istilahi katika lugha za Kibantu kabla ya kuzikimbilia lugha za kigeni.

7. Hitimisho

Kazi ya kusanifisha istilahi iliyokabidhiwa kwa Baraza la Kiswahili la Taifa, tangu lilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, mara nyingi hufikiriwa kuwa ni kazi ya kutafuta maneno mapya. Mfano wa vuli unaonyesha upande wa pili wa kazi hiyo, yaani kulilinda neno la zamani ambalo tayari linafanya kazi yake vizuri. Vuli ni neno linalomwambia mkulima wa Mwanza achukue jembe. Likitumiwa kumwambia aliweke, si yeye atakayekuwa na kosa.

Wasomaji walioko Mara, Kagera, Geita na Simiyu wanaombwa kutuletea majina ya misimu, ya udongo na ya kazi za bustani yanayotumika kwao, pamoja na dalili ambazo wazee huzitumia kujua kwamba mvua zinakaribia kuanza au kukatika. Majina hayo yakikusanywa, mfasiri wa kesho atakuwa na akiba ya maneno ya kuchotea, na mwalimu wa Nyegezi atapanda mbegu zake kwa wakati.